AMPLIFAYA YA BESI: ANGALIENI SANDUKU KABLA YA KUHESABU WATI

Kikundi kikianza kukodisha vyombo vya muziki kwa arusi, harambee na mikutano, chombo cha kwanza kuleta ugomvi huwa ni gitaa la besi. Gitaa la solo linasikika hata kwa amplifaya ndogo. Waimbaji nao wanasikika. Lakini besi ama inapotea kabisa, ama inalia kama debe tupu, ama spika inapasuka karatasi yake kabla keki haijakatwa. Halafu wanachama wanaanza kuulizana nani alichagua kitu hiki, na pesa zilikuwa za wote.

Mara nyingi lawama huangukia amplifaya, ati haina nguvu. Kikundi kinachanga tena, kinanunua nyingine yenye wati nyingi zaidi, na shida inabaki pale pale. Katika ukurasa huu tunataka kueleza kwa nini lile sanduku la mbao linafanya nusu ya kazi yote, na mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa au kumruhusu fundi atie msumeno.

KOMBO NI NINI

Tunazungumzia chombo ambacho amplifaya na spika zimo ndani ya sanduku moja. Wanamuziki hukiita kombo. (Si kombo ya mambo kwenda kombo, ingawa hata hayo hutokea.) Ukiwa nacho huhitaji kitu kingine ila gitaa, waya mmoja na stima. Kwa kikundi kinachosafiri kwa matatu hiyo ni faida, kwa sababu hakuna mizigo mingi ya kusahau njiani.

Juu ya vifungo hatutasema mengi. Kuna cha kupokea sauti ya gitaa, cha besi, cha kati, cha sauti nyembamba, na cha kuongeza au kupunguza sauti yote. Kijana yeyote atavizoea kwa siku moja. Mambo magumu yako chini yake, gizani, nyuma ya ule wavu.

MZIGO WA BESI

Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema mara 82. Mtu atasema tofauti ni ndogo, mara mbili tu. Lakini ili spika itoe sauti iliyo chini hivyo kwa ukubwa ule ule, karatasi yake inabidi isogee mbele na nyuma mara nne zaidi. Kwa hiyo spika iliyotengenezwa kwa gitaa la solo, ambayo karatasi yake haikuundwa kusogea mbali, ikipewa besi hujitupa huku na huku mpaka karatasi inachanika au koili ya ndani inagonga chuma. Msichomeke besi kwenye kombo la gitaa la solo mkalipandisha juu. Kwa sauti ya chini, ya mazoezi nyumbani, sawa.

Jambo la pili halionekani kwa macho, na ndilo linaloeleza sanduku ni la nini.

Spika ina pande mbili. Karatasi ikisukuma hewa mbele, wakati huo huo inavuta hewa nyuma. Sauti nyembamba haina shida na hilo, kwa sababu mawimbi yake ni mafupi na yanakwenda mbele moja kwa moja. Lakini wimbi la ule uzi mnene wa besi lina urefu wa zaidi ya mita 8, na spika yenyewe haifiki nusu mita. Kwa hiyo hewa iliyosukumwa mbele inazunguka tu ukingo wa spika na kujaza pale nyuma palipovutwa. Mbele na nyuma zinamalizana. Karatasi inacheza kwa nguvu, lakini besi haifiki kwa watu.

Mnaweza kujionea. Chukueni spika ya redio iliyoharibika, iliyo nje ya sanduku lake, iungeni kwa redio nyingine na mchezeshe muziki. Italia wembamba kama mbu. Sasa toboeni katoni shimo la ukubwa wa spika hiyo na muishikilie pale kwenye shimo, uso wake ukitazama nje. Besi inatokea pale pale. Hamjaongeza wati hata moja. Mmezuia tu mbele na nyuma zisikutane.

WALIVYOJIFUNZA WALIOTANGULIA

Huko Marekani, Leo Fender alitoa gitaa la besi la umeme, Precision Bass, mwaka 1951. Mwaka uliofuata akatoa amplifaya ya kulibeba, Bassman, ambayo ilikuwa kombo lenye spika moja ya inchi 15. Katikati ya miaka hiyo ya 1950 akaibadilisha, akaweka spika nne za inchi 10 ndani ya sanduku lililo wazi upande wa nyuma.

Kwa uso wa spika hakukosea, maana nne za inchi 10 zikiunganishwa zinasukuma hewa nyingi kuliko moja ya inchi 15. Shida ilikuwa ule uwazi wa nyuma. Besi ikapungua, na wapiga solo ndio walioipenda. Bassman hiyo ikawa amplifaya ya gitaa la kawaida yenye sifa duniani, hata Jim Marshall wa London alipoanza kutengeneza amplifaya zake mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliiga saketi yake. Ni nadra chombo kufaulu sana kwa kazi ambayo hakikutengenezewa! Fender wenyewe, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, waliitoa Bassman kwenye umbo la kombo wakaipa sanduku la spika la peke yake, lililofungwa nyuma.

Kampuni ya Ampeg ilishika njia nyingine. Mwaka 1960 ilitoa kombo lililoitwa Portaflex B-15, kazi ya mhandisi Jess Oliver. Ndani mna spika moja ya inchi 15, na amplifaya imefungwa kwenye kifuniko cha juu. Wakati wa kusafiri unakigeuza kifuniko, amplifaya inaingia ndani ya sanduku na valvu zake hazigongwi na kitu. Ukifika unakigeuza tena, amplifaya inakaa juu, na vibanio vinakikaza kifuniko kisivujishe hewa. Nguvu yake ilikuwa wati 25 tu, baadaye 30. Lakini James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown kule Detroit, alifanya kazi na chombo cha namna hiyo, na nyimbo zile zilisikika dunia nzima. Wati 25! Mwenye duka akiwaambia kwamba chini ya wati 300 hakuna besi, mkumbukeni huyo. Ni kweli kwamba uwanjani, mbele ya umati, wati 25 hazitoshi. Lakini ukumbini, ndani ya sanduku zuri, ni kitu.

SANDUKU LILILOFUNGWA NA SANDUKU LENYE TUNDU

Masanduku ya besi ni ya namna mbili. La kwanza limefungwa pande zote. Hewa iliyo ndani inafanya kazi kama springi: karatasi ikitoka inavutwa, ikiingia inasukumwa. Hilo ni salama kwa spika, na sauti yake ni kavu, kila noti inaanza na kuisha mahali pake. Ubaya ni kwamba sauti za chini kabisa zinapungua mapema.

La pili lina tundu au bomba upande wa mbele, pengine nyuma. Watu wengine hufikiri tundu hilo ni la kupoza joto. Siyo. Chukua chupa ya soda tupu na upulize juu ya mdomo wake: inalia noti moja, nene. Ukiitia maji nusu, noti inapanda. Hewa iliyo shingoni inacheza juu ya hewa iliyo tumboni kama mzigo juu ya springi, na kila chupa ina noti yake. Sanduku la besi lenye tundu ni chupa hiyo hiyo. Mtengenezaji anapanga ukubwa wa sanduku, upana wa tundu na urefu wa bomba ili noti ya sanduku iangukie pale ambapo spika inaanza kuchoka. Pale tundu linashika kazi, na karatasi ya spika inapumzika, hata ukiitazama utaona inasogea kidogo tu.

Zamani mafundi walikisia tu vipimo hivyo. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha hesabu za kulinganisha spika na sanduku lenye tundu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small akaziendeleza. Tangu hapo spika nzuri huuzwa pamoja na karatasi ya namba, na kwa namba hizo fundi anajua sanduku liwe na lita ngapi.

Hapa kuna matatu ya kukumbuka.

Msizibe tundu kwa matambara ati panya wasiingie. Mkiziba, mmebadilisha sanduku kuwa la namna ya kwanza na hesabu yote imeharibika. Wekeni wavu wa waya wenye matundu ya wastani, ukazwe vizuri usije ukatetema.

Msikate bomba wala kuongeza tundu jingine. Kuna mafundi wanaotoboa nyuma ili spika "ipumue". Ikipumua hivyo, besi inatoka nayo.

Tena, chini ya noti ya sanduku hewa haiisaidii spika tena. Karatasi inabaki bila springi na inaweza kujirusha mpaka ikaumia. Kwa hiyo besi ya nyuzi tano, ambayo uzi wake wa chini hutetema mara 31 hivi kwa sekunde, isipigwe kwa nguvu kwenye kombo dogo huku kifungo cha besi kimezungushwa mpaka mwisho. Afadhali ongezeni sauti za kati. Sikio la mtu lina akili yake: likisikia sauti za juu za noti fulani, linajijazia ile ya chini hata kama ni hafifu. Ndivyo tunavyofuata besi ya rumba kwenye redio ndogo ya mkononi, ambayo spika yake haiwezi kabisa kutoa noti zile.

UDOGO, UZITO NA MBAO

Kila mtu anataka sanduku dogo, linaloshuka chini sana, na linalolia kwa nguvu kwa wati chache. Hayo matatu hayapatikani pamoja. Unachagua mawili na kuliacha la tatu. Sanduku la spika moja ya inchi 15 mara nyingi lina ujazo wa madebe matatu mpaka matano, yaani lita 60 hadi 100. Mkionyeshwa kombo la ukubwa wa ndoo moja na kuambiwa linashuka kama lile kubwa, ulizeni linakula wati ngapi, na kwa ukubwa gani wa sauti.

Uzito ni habari nyingine. Kombo la zamani huwa na transfoma nzito na sumaku nzito, na si ajabu kupita kilo 30. Za siku hizi nyingi hutumia amplifaya za aina ya D na sumaku za neodimiamu, na uzito unaweza kushuka hata chini ya kilo 20. Sauti haipotei kwa sababu ya wepesi huo. Lakini zikiharibika si kila fundi wa redio ataweza kuzifungua na kuzitengeneza, na kwa kikundi kilicho mbali na mji hilo ni la kufikiriwa. Sisi tungechagua chombo kizito ambacho fundi wa karibu anakielewa.

Mbao za sanduku ziwe plaiwudi ya milimita 15 hadi 18, zimeunganishwa kwa gundi na skurubu, na ndani kuwe na vipande vya kukaza katikati ya mbao pana. Chipbodi inatoa sauti nzuri pia, lakini ni nzito na ikiguswa na maji inavimba na kumeguka pembeni, na sote tunajua vyombo vinabebwaje wakati wa mvua. Mbao nyembamba zinatetema zenyewe na kuongeza mlio wake juu ya noti. Gongeni ubavu wa sanduku kwa kifundo cha kidole: likijibu "ko" fupi ni zuri, likilia kama ngoma halifai.

Upande ule unaobeba spika uangaliwe zaidi. Spika ikalie mpira au sponji pande zote ili hewa isivuje, na ikazwe kwa bolti na nati, si misumari wala skurubu fupi za mbao, ambazo hulegea kwa mtetemo. Wavu wa mbele uwe wa chuma. Pembe ziwe na vyuma vya kuzilinda.

OMU, WATI NA STIMA

Tukiwa kwenye wati, jueni kwamba kutoka wati 50 kwenda 100 sikio linasikia ongezeko dogo tu. Ili watu waseme sauti imekuwa mara mbili, mnahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo tazameni pia namba ya desibeli za spika kwa wati moja. Spika ya desibeli 100 ikiwa na amplifaya ya wati 100 inalia sawa na ya desibeli 97 ikiwa na wati 200.

Nyuma ya makombo mengi kuna tundu la kuongeza spika ya nje. Hapo ndipo amplifaya nyingi huchomwa. Kombo lenye spika ya omu 8 likiongezewa sanduku la nje la omu 8, jumla inakuwa omu 4, siyo 16, kwa sababu kwa kawaida matundu hayo yameunganishwa sambamba. Mkiongeza la tatu inashuka chini ya omu 3. Amplifaya ya transista iliyoandikwa omu 4 kuwa mwisho wake, ikipewa chini ya hapo, inavuta umeme kuliko uwezo wake na kupata moto. Amplifaya ya valvu nayo ina sheria yake: msiiwashe kamwe bila spika, kwa sababu transfoma yake ya kutoa sauti inaweza kuungua.

Sanduku likikosa maandishi, lipimeni kwa mita. Spika ya omu 8 kwa kawaida huonyesha kama 6, na ya omu 4 huonyesha kidogo zaidi ya 3.

Stima yetu Kenya ni volti 240. Vyombo kutoka Marekani huwa vya volti 120, na kikichomekwa ukutani hivi hivi kinakufa mara moja. Someni kibao cha nyuma kabla ya kulipa. Vingine vina swichi ya kubadilisha, vingine vinahitaji transfoma ya kupunguza yenye wati za kutosha. Waya wa tatu, ule wa ardhi, usikatwe kamwe hata kama chombo kinavuma. Mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma kwa mikono yote miwili, na mbele ya mdomo wake kuna maikrofoni ya chuma. Bila waya huo, hitilafu ndogo inaweza kumwua. Na ndani ya amplifaya ya valvu umeme hubaki hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo asifungue mtu asiyejua.

MKIENDA KUNUNUA ILIYOTUMIKA

Nendeni na gitaa la besi na mpigaji wenu mwenyewe. Kabla ya kuwasha, sukumeni karatasi ya spika taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, kwa usawa. Ikikwaruza, koili imeharibika. Kama sanduku ni la kufungwa na halivuji, karatasi ikiachwa itarudi pole pole badala ya kuruka.

Washeni, mpigaji apande noti moja moja kutoka ya chini mpaka ya juu, kwa sauti ya kazini. Noti moja ikivuma kuliko zote, au kitu kikitetemeka, tafuteni ubao uliolegea. Pitisheni mkono kwenye maungio: upepo unaotoka mahali pasipo tundu ni uvujaji, na fundi mzuri ataziba kwa gundi. Acheni ipige dakika kumi zaidi, kisha mnuse upande wa nyuma kama kuna harufu ya kuungua.

Kama ndani mna spika mbili na besi ni hafifu bila sababu, huenda moja ilirudishwa na waya zimegeuzwa. Zikiwa hivyo, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na tumerudi kwenye spika ile ya redio isiyo na sanduku. Zimeni, chomoeni plagi, fundi atoe waya za spika, kisha aguse miguu ya kila spika kwa betri moja ya tochi ya volti 1.5. Upande wa kujumlisha wa betri ukigusa mguu wenye alama ya kujumlisha, karatasi itoke nje. Zote mbili zitoke upande mmoja, na waya zifungwe kufuata alama hizo.

Siku ya kazi, kombo likiwekwa chini sakafuni karibu na ukuta litatoa besi zaidi kuliko likiwekwa juu ya meza katikati ya uwanja. Ndani ya hema hakuna kuta za kurudisha sauti, kwa hiyo sogezeni chombo kwenye ukuta wa jengo lililo karibu, kama lipo, kabla hamjagusa kile kifungo cha besi.